Komisioneri wa Wanaoondoka

Jina lake halisi silijui, na kama yupo anayelijua asiniletee. Kambini Dzaleka tulimwita Komisioneri tu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwao Kindu, Kongo, kabla ya vita na ndiyo aliyoendelea nayo hapa Malawi: kumtafutia mwenye duka mteja, au kliya kama alivyosema yeye, kumleta mpaka mlangoni, na kuchukua chake. Makomisioneri sokoni ni wengi. Wanakushika mkono, wanakuita shangazi, wanakuapia kwamba bei hiyo ni ya leo tu. Huyu sikuwahi kumwona akimshika mtu mkono. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la rangi ya udongo ambalo hakulivua hata Oktoba jua likiwa la kuua, na mteja aliyeletwa naye alinunua. Hilo ndilo lililonifanya nimpende. Baadaye ndilo lililonifanya nimwogope, na mimi si mwanamke wa kuogopa ovyo. Nilitoka Bukavu na mdogo wangu mgongoni, na njiani niliona mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nauza masanduku ya safari, yale sisi tunayaita valizi. Hebu fikiria biashara hiyo ndani ya kambi ya wakimbizi. Watu wote wanaota ndege. Wote wanapenda valizi, wanaipapasa, wanafungua zipu na kufunga, wanauliza bei, wanapunguza, wanaahidi kurudi, wanakwenda zao. Wanaoihitaji kweli ni wachache mno, na hao wachache wanajificha. Maana kwetu aliyepata safari, yaani nchi ya mbali imekubali kumpokea, hasemi. Anapita intavyu, anapita vipimo vya daktari, anapewa siku ya kuondoka, na jirani yake wa ukuta mmoja hajui. Anaogopa roho mbaya za watu, anaogopa dawa, anaogopa mtu kwenda ofisi ya wakimbizi kumchongea ili kesi yake isimame. Siku moja unaamka unakuta mlango wake umefungwa kwa waya, na ndiyo kwaheri yako hiyo.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuuchukia usiri huo. Tulifika Dzaleka wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na katika dunia hii sina mtu mwingine wa damu. Tuliandikwa kwenye dosiye moja, faili moja la ofisi. Kisha yeye akaolewa na kijana wa kwaya, ofisi ikaikata dosiye vipande viwili, yake ikaenda njia yake na yangu ikalala. Siku ya harusi nilimvuta nyuma ya kanisa nikamwapisha kwamba akipata ndege ataniambia, hata kama mumewe amemkataza. Aliapa huku analia. Nami nikaishi miaka na woga mmoja tu, kwamba siku moja nitakwenda kwake na kuukuta waya mlangoni.

Turudi kwenye valizi. Mwanzoni nilifanya kama wengine. Nilinunua spika ndogo, nikarekodi sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele za bei, ikawa inaimba kutwa nzima mpaka mwenye saluni jirani akanitukana kwa Kirundi akidhani sielewi. Nikaweka picha kwenye makundi ya simu. Simu ikalia mpaka ikawa moto. Bei gani, mama? Iko na rangi nyekundu? Nitumie picha ya ndani. Nilijibu watu mpaka vidole vikauma, na valizi zilibaki pale pale zikikusanya vumbi. Nilikuwa na wateja wa kujaza uwanja, na hakuna hata mmoja wa maana.

Komisioneri alikuja asubuhi moja akasimama kizingitini. Hakuingia, hakuwahi kuingia. Alisikiliza spika yangu kwa muda, kichwa kimeinama, kisha akasema, 'Zimisha hiyo kintu, mama. Inakuitia bantu ya kuangalia tu. Mwenye kuenda anaikimbia.'

Nilitaka kumjibu vibaya, maana ulimi wangu unajulikana, lakini aliendelea kwa sauti yake ya chini. Aliniuliza nani mwenye akili, aliyeficha safari yake hata kwa mama mkwe, atakubali kuonekana ameshika valizi sokoni. Akaniambia nitoe valizi zote mbele nizipeleke nyuma ya pazia, mbele nipange mabeseni, ndoo na vikombe vya plastiki. Anayetaka beseni atasimama kwenye beseni. Anayeondoka atapita mabeseni yote bila kuyaangalia. Na akishanunua, valizi itoke imevalishwa gunia la mahindi, ibebwe na mtu wa kabaza kwenye baiskeli yake ionekane ni chakula kinakwenda nyumbani.

Nilifanya hivyo kwa hasira, ili nimwonyeshe kwamba ni mjinga. Biashara ikabadilika. Waliokuja kupapasa wakaisha wenyewe, na walioingia nyuma ya pazia walitoka na mzigo. Nikaanza kumwita Muzee kwa heshima, na kila asubuhi nikamwekea kigoda nje na chai yenye tangawizi kali, ambayo alisema ni dhaifu, kila siku, mpaka nikatamani kumtilia pilipili.

Nyuma ya pazia alinifundisha namna ya kumjua mtu. Asiyekwenda anauliza bei, alisema, na anayekwenda anageuza valizi kuangalia magurudumu. Lakini yeye mwenyewe hakungoja magurudumu. Aliwajua huko huko kwenye vichochoro, kabla hawajafikiria dukani kwangu. Alizunguka kambi nzima akiwa nyuma ya watu, kwa mbali, mikono nyuma. Hakuwaangalia nyuso. Aliangalia mtu ameacha kukandika ukuta wakati mvua iko karibu. Aliangalia mama aliyezoea kununua mafuta ya chupa nzima sasa anapima ya kupikia leo tu. Zaidi ya yote aliangalia wagomvi. Mtu akianza kuwasalimia maadui zake, akipita kwenye nyumba ambazo hakukanyaga tangu walipogombana bombani, Komisioneri alijua. Ndipo angemfikia kutoka nyuma na kumuuliza swali lake, hilo moja tu, kwa upole.

'Sufuria yako kubwa utaachia nani?'

Asiyekwenda alicheka, au alikasirika, au aliuliza sufuria gani. Anayekwenda alikuwa na jina tayari mdomoni. Hata akinyamaza, Komisioneri aliliona limefika kwenye meno. Basi angesema tu kwamba kule kwa mama wa mabeseni kuna pazia, na angeondoka. Mteja alikuja peke yake, wakati wake, akitazama nyuma.

Ilikuwa hila nzuri ya biashara, na kwa muda niliiona hivyo. Kisha wakaanza kuja watu ambao hawakuwa na habari yoyote. Mwanamke mmoja wa Maniema alinunua valizi mbili huku amekunja uso, akaniambia hajui hata kwa nini ananunua, kesi yake imekaa miaka bila neno. Alisema mzee alimuuliza kuhusu sufuria, na mdomo wake ukalitaja jina la jirani kabla hajafikiri. Wiki hiyo hiyo simu ya ofisi ikampata. Mwingine alisema mzee amemkuta kisimani asubuhi ile na kumwelekeza kwangu. Nilimwambia hapana, kwa sababu mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda changu tangu nilipofungua. Tuligeuka wote wawili kutazama kigodani. Komisioneri aliinua kikombe chake akasema chai imepoa, na yule mwanamume akanunua bila kupunguza bei.

Watu wakajua. Kambi haiwezi kuficha kitu isipokuwa tarehe za ndege. Wanaume wazima, wenye ndevu na diploma, wakaanza kupitapita mbele yake wakikohoa ili awaulize. Walimletea sukari. Alipokea sukari ya kila mtu, akaificha kwenye mifuko ya lile koti, na hakuwauliza kitu. Wengine walikandua kuta zao kwa makusudi, wengine waliwasalimia maadui kwa sauti kubwa akiwa karibu, na yeye alipita bila kugeuza shingo. Kuna mama aliyelia mbele ya duka langu akimsihi amuulize tu, hata kama ni uongo. Alimtazama miguu akamwambia arudi nyumbani akafunike mahindi, mvua inakuja. Wazazi nao, hao hao waliotamani swali lake, walikuwa wakiwavuta watoto wao pembeni akipita.

Usidhani alikuwa mtu wa kutisha kila saa. Alikuwa na majivuno ya kijana, alipaka kucha zake mafuta ya nazi, na akisikia mpira redioni alisahau umri wake. Nsima, ugali wa hapa, aliitukana kwa miaka yote niliyomjua. Alisema ni laini mno, kwamba kwao bugali unasimama wenyewe na huu wa Malawi unalala kama mgonjwa, kisha alimaliza sahani na kumwambia mpishi zikomo, yaani asante, na kuomba aongezwe. Alinitania kwamba mimi nauza safari na tangu nifike Malawi sijawahi kwenda mbali zaidi ya Lilongwe. Na yeye je? Kesi yake ilikataliwa zamani, hakuwahi kukata rufaa, hakuwa na hata mfuko wa plastiki wa kubebea vitu. Mabasi aliyaogopa mno, hakupanda hata moja. Nilipomuuliza kama hataki kuondoka, alisema kila gari likiondoka lazima awepo mtu wa kubaki barabarani, na akaomba sukari.

Jambo moja tu katika mapatano yetu lilinikera tangu mwanzo. Komisioneri mwingine yeyote anataka chake mteja akishatoa pesa, hapo hapo. Huyu alikataa. 'Mi sikamatake pesa ya mutu hajaenda,' alisema. Alisubiri. Siku mlango ulipokutwa na waya, ndiyo siku aliyokuja kizingitini na kunyoosha kiganja, bila kumtaja mtu, nami nilijua ni kwa ajili ya nani.

Alikuwepo fundi wa vitanda, Mrundi, mgomvi wa kwanza kambini. Aligombana hata na jua. Ghafla akaanza kuwatembelea watu, akakaa na mwenye saluni, akaja hata kwangu kuniomba radhi kwa kitanda alichonipunja mbao. Komisioneri akamuuliza swali, akajibu kwa jina la shemeji yake, na wote wawili wakacheka. Jamaa alinunua valizi kubwa kuliko zote. Intavyu hakuwa nayo, simu hakupigiwa, lakini kwa kuwa mzee amemuuliza aliona kesi imepita. Tulimpongeza kwa kunong'ona. Aligawa misumeno yake, akagawa randa, akampa shemeji mbuzi na ile sufuria, akaacha kupokea kazi. Akawa anakaa mlangoni amevaa viatu, akisikiliza simu. Kisha homa ikamkamata, na haikuchukua muda. Tulimzika kule makaburini juu, na valizi ilibaki kwa mjane, ambaye anawekea unga ndani yake mpaka leo.

Asubuhi ya baada ya maziko nilikuwa napanga mabeseni. Nilipoinua kichwa Komisioneri alikuwa kizingitini, na kiganja chake kilikuwa kimenyooshwa.

Nilidhani amekosea mtu. Nikamwambia hakuna aliyeondoka wiki ile. 'Ameenda,' alisema. Nilimwita mchawi mbele ya soko zima. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia, anaona nini, kwa nini hakumwonya yule maskini kabla hajagawa vyombo vyake vya kazi.

Hakukasirika. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia pole pole, 'Mi naonaka mutu mwenye anaaga, mama. Kwenye anaenda, hiyo haiko kazi yangu.'

Nilimtupia pesa zake chini. Aliziokota, akazipangusa vumbi, akaenda. Nilimaliza kupanga mabeseni. Halafu nikakaa nikawakumbuka wengine, kwa sababu wateja wangu wote nawakumbuka. Wengi walipanda ndege, hilo nina hakika, wengine hunitumia picha za theluji. Lakini alikuwepo yule bibi wa pale karibu na shule, na alikuwepo kijana wa redio. Hao nao walipita mabeseni bila kuyaangalia. Hao nao niliwafungia valizi kwenye gunia.

Ungetegemea watu wamkimbie baada ya hapo. Nusu walimkimbia. Nusu wakaongeza sukari, wakisema bora kuulizwa, mengine yatajulikana mbele. Nami nilifanya nini? Nilimfuata. Ndiyo, baada ya matusi yote. Nilimkuta nyuma ya msikiti akifua koti lake, mara ya kwanza kumwona bila hilo koti, mabega yake membamba kama ya mtoto. Nikamwomba kitu kimoja. Nikasema, Muzee, mdogo wangu unamjua. Siku ukimwona anaaga, uje uniambie, mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alikamua mkono wa koti mpaka maji yakaisha. 'Mi sisemake,' alijibu. 'Mi naletaka tu.'

Muda mfupi baadaye nilihamisha biashara. Mama mmoja Mmalawi alinipa nusu ya duka lake Kawale, mjini Lilongwe, karibu na soko, nami nikawa nalala kambini mwisho wa wiki tu. Nilijiambia ni kwa sababu ya wateja wa mjini. Ukweli ni kwamba nilichoka kukiangalia kile kizingiti. Mjini nilipanga vile vile, mabeseni mbele na valizi nyuma, kwa mazoea, ingawa wateja wa Lilongwe hawana la kuficha. Mdogo wangu na mimi tulikuwa hatuongei. Tuligombana kwa sababu ya kitenge cha marehemu mama yetu, kibaki kwa nani, nikamwambia maneno, akaniambia maneno, na sisi sote wawili tumeurithi ulimi mmoja. Miezi ikapita hivyo. Yeye hakupiga simu, nami nikakaza shingo.

Yaliyobaki yalitokea juzi. Ilikuwa saa nne asubuhi, mtaa umejaa, nami nilikuwa nasuta mtu kwenye simu. Nikahisi kimya upande wa mlango. Komisioneri alikuwa amesimama kizingitini, na lile koti, na jicho moja limeingia utando mweupe. Umbali wote kutoka Dzaleka, na mtu huyu hapandi gari. Sandali zake zilikuwa safi. Nilimsalimu kwa sababu mdomo ulisalimu wenyewe. Nikamuuliza amefikaje. Alisema Kawale kuna kelele nyingi. Nikamuuliza kama atakunywa chai, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni. Sikupenda nilichokiona, maana kilikuwa huruma.

'Nimekuletea kliya, mama,' alisema. 'Iko nyuma.'

Akasogea pembeni, na kupitia nafasi aliyoiacha nilimwona mdogo wangu anavuka barabara kutoka kwenye mabasi.

Alikuwa amevaa gauni la kanisani, siku ya kazi. Alinikumbatia mbele ya watu, akacheka, akaniambia kitenge cha mama nichukue mimi, yeye hana neno tena, na kwamba amepita pia kwa mke wa mchungaji ambaye walikosana naye tangu Pasaka. Nilimshika mabega. Alikuwa amekonda, au gauni lilikuwa kubwa, sijui. Nilipotazama mlangoni mzee alikwisha ondoka. Mdogo wangu akayapita mabeseni, akayapita yote, akafungua pazia mwenyewe. Aliichagua valizi ya kijivu, ya kati. Akaigeuza. Akayazungusha magurudumu kwa kidole.

Nilimuuliza ya nini. Alisema kwaya yao ina safari ya kuimba Mzuzu. Nikamuuliza mumewe yuko wapi, akasema kazini. Nikamuuliza kama wamekwenda vipimo vya daktari. Alisema vipimo gani tena, na akaendelea kuchezea zipu bila kunitazama. Nikavuta ndoo nikaikalia, niuone uso wake.

'Kama mumepata ndege niambie,' nilimwambia. 'Sitalia. Sitaambia mutu. Enda, hata leo enda, lakini niambie.'

'Dada, si niliapa?' alijibu. 'Ningepata ndege, we njo ungejua wa kwanza.'

Alisema hivyo na tabasamu lake lile la utotoni, ambalo alilitumia akiwa ameiba sukari na alilitumia pia akiwa hana kosa lolote. Miaka yote hii nimejidai naweza kulisoma. Nikaifunga valizi kwenye gunia kama ninavyowafungia wengine, mikono inajua kazi yake, nikamsindikiza mpaka kwenye basi na nikakataa pesa zake. Kisha nikarudi nyuma ya pazia nikapiga magoti sakafuni. Mimi niliyemwapisha nyuma ya kanisa, mimi niliyeishi nikiogopa waya mlangoni kwake, nikamwomba Mungu kwa sauti mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Nikasema, Baba, fanya awe amenidanganya. Fanya awe na tiketi mfukoni. Mpeleke kwenye theluji na mume wake, anisahau kabisa, asipige simu hata siku moja.